Kampeni Yangu ya Kitabu cha Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo mambo yamefunguka! Nimefika maktaba mchana, mikono bado inanuka mafuta ya cherehani, nikakuta tangazo mlangoni. Mkutubi ameliandika kwa mkono wake, herufi zimesimama wima kama yeye mwenyewe. Kila msomaji anaruhusiwa kupendekeza kwa wenzake vitabu vitano vilivyopo rafuni. Unaandika kadi, unaeleza kwa nini kitabu kinafaa, unaibana kwenye jalada. Kitabu kikisomwa na kurudishwa, kadi inapigwa muhuri. Muda ni wiki mbili. Mwenye mihuri mingi kuliko wote ndiye atakayeandika orodha ya vitabu kumi na tano vipya vya mwaka huu.

Nimelisoma mara tatu. Vitabu kumi na tano! Mimi nataka kimoja tu.

Ieleweke, kwa yeyote atakayeisoma shajara hii nikishakufa na kuwa maarufu. Maktaba yetu ina kitabu cha kwanza na cha pili cha ile riwaya ya mfamasia aliyeuawa ndani ya duka lake, mlango umefungwa kwa ndani. Cha tatu, ambamo muuaji anatajwa, hakikununuliwa. Miaka sita! Madukani hakipo. Nimeuliza mpaka wenye maduka wakiniona wanajifanya wanahesabu bidhaa. Vile viwili tulivisoma pamoja mimi na mke wangu, yeye akishona vifungo, mimi nikisoma kwa sauti. Mimi nasema muuaji ni hakimu. Mke wangu anasema ni dobi. Dobi! Ametokea kurasa tatu tu! Eti mtu anayefua mashati ya mji mzima anaijua damu ya kila mtu. Miaka sita nasikia habari ya mashati. Siwezi kufa bila kujua. Na hasa siwezi kufa kabla mke wangu hajakiri kwa kinywa chake kwamba ni hakimu.

Jioni nimemweleza kuhusu shindano. Amefurahi, kisha akaniomba nisifanye vituko. Vituko gani? Mimi?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpinzani kajitokeza. Si mwingine, ni Mpima Ardhi. Mstaafu, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni, na kila siku anakaa kwenye kiti cha dirishani ambacho kwa haki ni changu. Huyu bwana hasomi riwaya. Anasema hana muda wa kufuatilia matatizo ya watu ambao hawakuwahi kuwepo. Yeye ni vitabu vya maarifa tu. Leo amependekeza cha figo, cha mchwa, cha historia ya madaraja, cha saruji, na kimoja cha kurasa mia nne kuhusu chumvi. Chumvi!

Nimeisoma kadi yake ya saruji. Imeandikwa: "Kitabu kina majedwali mazuri." Basi, hakuna kingine. Nimecheka mpaka Mkutubi akanitolea macho.

Zangu ni riwaya tano za kusisimua, na kadi nimeziandika kwa jasho. Ya Chumba Namba Kumi na Tisa inasema: mwenye moyo mdogo asiguse, mwenye moyo mkubwa aage familia kwanza. Kinyozi kakichukua hapohapo. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yule anayefanya kazi posta, kachukua kile cha maiti ndani ya lifti. Hata saa kumi haijafika, vitabu vyangu vyote vitano vimeshatoka. Vya Mpima Ardhi vimelala rafuni, vitano kamili. Nimempita nikipiga mluzi. Nimeonywa kwamba maktaba hakupigwi mluzi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mihuri yangu: sifuri. Mihuri ya Mpima Ardhi: minne. Nimedhani macho yangu yana hitilafu!

Nimekwenda dawatini kudai haki. Mkutubi amenieleza taratibu, neno moja moja, kwamba muhuri unapigwa kitabu kikirudi, si kikitoka. Na vya Mpima Ardhi vinarudi. Vinarudi mbio! Dereva wa lori alichukua cha figo asubuhi, mchana kakirudisha, kasema kimemtosha. Muhuri! Cha chumvi kimetoka mara mbili na kurudi mara mbili. Muhuri, muhuri! Nimeuliza kama kweli hao watu wamesoma. Mkutubi kasema huwauliza wote, na wote hujibu wamesoma, na yeye si polisi.

Vyangu hakuna anayetaka kuviachia. Kinyozi kamaliza, kampa jirani, jirani kampa mjomba wake. Kile cha lifti kipo posta, wanakisoma kwa zamu nyuma ya kaunta, na foleni ya wateja imetoka mpaka barabarani. Nimekwenda mwenyewe kumsihi Shemeji akirudishe. Kanijibu bila kuinua macho kwenye ukurasa: shemeji, tulia, wewe ni wa saba. Wa saba! Kwenye kitabu nilichokipendekeza mimi mwenyewe!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeamua kukusanya vitabu kwa mkono. Nimevaa koti la kikazi, nimeshika daftari na kalamu ili nionekane nimetumwa. Nimeanzia kwa Kinyozi. Nimemkumbusha kwa heshima wajibu wa msomaji. Kageuka kunijibu, wembe mkononi, na mteja aliyekuwa kwenye kiti kwa bahati mbaya hakugeuka naye. Masharubu yake sasa ni ya upande mmoja. Mteja alisimama. Ni mrefu sana akisimama.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Daftari nimeliacha kule.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimepata! Jibu limekuja nikiwa nafungua cherehani ya mteja iliyokwama. Ukiona gurudumu halizunguki, usilipige. Tafuta uzi uliojisokota ndani, uutoe. Je, ni nini kinachomfanya msomaji aking'ang'anie kitabu? Ni kutojua mwisho. Sasa mwondolee huko kutojua. Kitabu kitatoka chenyewe!

Nimefunga karakana, nimekwenda posta, nimepanga foleni kama raia mwema. Nilipofika kaunta nimeinama, nimemwambia Shemeji kwa upole: ni mlinzi wa jengo, alikuwa juu ya paa la lifti muda wote. Karani wa nyuma akaachia gundi ikamwagika. Shemeji akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kuonyeshwa na mtu wa ukoo. Nikasema asante, nikatoka.

Kisha nimemfuata yule mjomba wa jirani yake Kinyozi. Kisha wengine. Kufikia jioni vitabu vitatu vimerudishwa. Kimoja kimerushwa kutoka mlangoni na kutua moja kwa moja juu ya dawati. Mkutubi kakikagua, hakikuchanika. Muhuri!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mimi kumi na mmoja, Mpima Ardhi tisa. Naongoza!

Mtambo sasa unakwenda wenyewe. Nasimama karibu na mlango wa maktaba. Msomaji anatoka na riwaya, namnong'oneza, anageuka, anairudisha. Dakika moja na nusu. Wengine wameanza kuziba masikio, lakini mtu aliyeziba masikio hawezi kubeba kitabu, kwa hiyo lazima afungue mkono mmoja. Dereva wa lori alikimbilia kwenye lori lake akapandisha kioo. Kioo kilikuwa na vumbi. Nimeandika kwa kidole: NI DAKTARI WA MENO. Hata ukurasa wa kwanza alikuwa hajafika. Muhuri!

Nyumbani kuna baridi kidogo. Shemeji alikuja kulalamika, amelia mbele ya dada yake, kasema alibakiza kurasa kumi na nne. Mke wangu kaniuliza: baba watoto, na wewe mtu akikutobolea siri ya mfamasia utajisikiaje? Nimemjibu kwamba hilo ni jambo tofauti kabisa. Kauliza tofauti iko wapi. Nimesema tofauti ni kwamba huyo atakuwa mimi.

Hakuridhika. Lakini akikishika kitabu cha tatu mkononi atanishukuru, najua.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Balaa! Riwaya zangu zote tano ziko rafuni na hakuna anayezigusa. Watu wanazipita kwa mbali wakinitazama. Na wote, nasema wote, wamehamia kwenye vitabu vya maarifa! Kinyozi ndiye aliyewaongoza. Kasimama katikati ya maktaba, kasema kwa sauti ambayo mimi ningeonywa kwayo, kwamba jamani chukueni cha mchwa, hakuna mtu atakayewaambia mwisho wake.

Mkutubi hakumwonya. Nilimwona akiinamia droo ili asionekane anacheka.

Sikukata tamaa. Nimejipanga mlangoni. Kinyozi alipotoka na kile cha saruji nimemnong'oneza: mwishoni inakauka. Kasimama. Nikajua nimempata! Kumbe kasimama kunihurumia. Kasema hapana, haikauki, hiyo ndiyo siri yenyewe, ipo ukurasa wa kumi na mbili: saruji inashikana na maji, hata ukiizamisha chini ya maji inakuwa ngumu vilevile. Kisha kaondoka zake akitabasamu.

Haikauki? Miaka hamsini na nne nimeishi ndani ya nyumba nikijua ilikauka. Mke wangu kanikuta nimesimama sebuleni nimeshika ukuta.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Hesabu imefanyika mbele ya wasomaji wote. Mpima Ardhi: mihuri thelathini na mmoja. Mimi: kumi na miwili. Watu wamepiga makofi. Shemeji amepiga akiwa amesimama juu ya kiti, na hapo nilitegemea Mkutubi angemwonya, lakini wapi.

Nimetoka nje, nimekaa kwenye ngazi. Nimeumia, siandiki uongo hapa. Akilini nilimwona mke wangu na vifungo vyake, nikaona miaka sita mingine ya kubishana bila hakimu wala dobi kuthibitika, na macho yetu yanazidi kuchoka. Kuna siku itafika atashindwa kutunga uzi, nami nitashindwa kuona herufi. Tutabishana mpaka lini?

Akaja Mpima Ardhi. Kafuta ngazi kwa leso, kakaa pembeni yangu. Nilijiandaa kusimangwa. Badala yake kasema anataka kukiri jambo. Jumatatu, kile Chumba Namba Kumi na Tisa kiliporudi, alisimama mbele ya rafu na kuisoma ile kadi yangu, akashindwa kujizuia. Aage familia kwanza! Kweli alimpigia simu binti yake. Alikisoma mpaka mwisho, akasahau chakula cha mchana, akakirudisha Jumatano kimyakimya asije akaonekana. Sikumbuki kama nilimnong'oneza mlangoni. Kasema nilimnong'oneza, tena karibu kabisa, lakini akiwa maktaba huvua kifaa chake cha kumsaidia kusikia na kukitia mfukoni, kwa ajili ya utulivu. Aliona midomo yangu inacheza, akadhani namtakia siku njema. Akasema yeye ndiye msomaji pekee wa mji huu, tangu nianze kunong'ona, aliyefika mwisho wa kitabu hicho kwa miguu yake mwenyewe, na kwamba hajawahi kujisikia hivyo tangu alipopima mlima wake wa kwanza.

Halafu kanionyesha orodha. Vitabu kumi na vinne: miamba, mito, mifupa, historia ya kioo. Mstari wa kumi na tano mtupu. Kanipa moja ya kalamu zake. Kasema andika unachotaka.

Nimemkumbatia. Mwanamume mzima, mbele ya barabara! Kalamu mbili zilizobaki zimenichoma kifua na sikujali. Nimeandika jina la kitabu kwa herufi kubwa.

Mkutubi kaweka sharti. Nimetia sahihi karatasi kwamba ndani ya maktaba, mlangoni, ngazini na kwenye vioo vya magari sitataja mwisho wa kitabu chochote. Nimetia sahihi kwa moyo mweupe. Nimebadilika. Hata mwandiko umebadilika.

Jumatano, tarehe 23 Aprili

KIMEFIKA!

Mpima Ardhi kaomba niwe wa kwanza kukiazima, Mkutubi kakubali. Siku saba. Kina harufu ya gundi mpya. Nyuma yangu kuna foleni ya majina kumi na moja, maana watu wote wakati wa kungoja wamesoma cha kwanza na cha pili. Shemeji ndiye anayefuata. Kinyozi wa tatu. Wamenisamehe, ila wananisalimia kwa mbali kidogo.

Mke wangu kakipokea kwa mikono miwili. Macho yalimlengalenga, na yangu pia. Tumekubaliana hivi: tutakisoma Jumamosi, kazi zikiisha, yeye na vifungo, mimi kwa sauti, kutoka neno la kwanza. Kabla ya hapo asikifungue mtu. Kaniuliza kama nitaweza. Nimemwambia anamuuliza mtu mzima.

Kesho nitakwenda nacho karakana, kwa usalama tu.

Alhamisi, tarehe 24 Aprili

Kitabu kipya huweza kutoka kiwandani na kurasa pungufu. Yanatokea. Ingekuwa aibu kubwa kufika Jumamosi tukakuta kurasa hazipo. Kwa hiyo nimekagua. Nimekagua ukurasa mmoja mmoja, kwa mpangilio, mstari kwa mstari ili kuhakikisha na mistari ipo. Kurasa zote zipo.

Ni dobi.

Ukurasa wa mia mbili themanini na tatu. Dobi! Kwa sababu ya shati! Karibu neno kwa neno jinsi mke wangu alivyosema miaka sita iliyopita akiwa na sindano mdomoni. Hakimu hana hatia kabisa, tena analia kwenye mazishi. Nimesoma tena nikidhani nimeruka kitu. Sikuruka kitu.

Nimeitia mafuta cherehani moja mara tatu. Mwenyewe alikuja kuichukua akaondoka nayo ikidondosha mafuta.

Jumamosi, tarehe 26 Aprili

Imekwisha, na imekwisha vizuri mno!

Mke wangu alivaa miwani, akaweka bakuli la vifungo mapajani, akasema haya, soma. Nikafungua. Nikamtazama. Alikuwa amefurahi hivi, nikaona jinsi atakavyofurahi zaidi tukifika ukurasa wa mia mbili themanini na tatu, na siku itakayofuata, na kila siku mpaka mmoja wetu afe. Kila shati nitakalovaa atakuwa na la kusema. Moyo ukakataa.

Hapohapo mpango ukaja, safi, umekamilika. Nikafunga kitabu. Nikavuta uso wa huzuni. Nikamwambia mke wangu, nisamehe, kitabu kilianguka karakana kikafunguka chenyewe, na jicho likaona. Ni hakimu.

Laiti mtu mwingine angeuona uso wake! Kanitazama muda mrefu. Kisha kavua miwani, kasema basi, ulikuwa sahihi, hongera mume wangu. Akasema mwisho akishaujua hana haja ya kukisoma. Hongera! Miaka sita nimengoja neno hilo. Nimejaribu kulifurahia mchana kutwa na karibu nimefaulu.

Karatasi niliyotia sahihi haikuvunjwa, nimehakikisha. Hapa si maktaba, na isitoshe huo niliousema si mwisho wa kitabu.

Jumatatu nitakirudisha mapema, kabla hajabadili nia. Anayefuata ni Shemeji, ambaye hawezi kumwambia mtu mwisho wa riwaya hata umpe nini, keshasema hadharani kwamba huo ni ukatili. Baada yake Kinyozi, na huyo anaongea na wateja wake tu. Waliobaki tisa sidhani kama wanamfahamu sana mke wangu, ukiacha wale anaowashonea. Nimeukagua mpango kila upande. Hauna tundu.

Mke wangu ameomba kitu kimoja tu. Shemeji akimaliza, aje nacho hapa nyumbani, wakae wote wawili, amsomee kwa sauti ule ukurasa wa hakimu, angalau ausikie. Nimesema sawa, wazo zuri sana. Shemeji ni msomaji wa polepole. Mpaka siku hiyo ifike nitakuwa nimeshabuni kitu.